Ng'ombe wa Kilo Tatu Nukta Sita

Jumatatu, 14 Julai

Makala sita mezani. Tano nimezimaliza kabla ya chai. Ya asali ya Sikonge nimeipunguza nusu. Mwandishi alianzia kwa babu yake, nyuki wakatokea aya ya saba. Ya tumbaku haina kosa, jambo linalonitia shaka. Nimeisoma tena. Kweli haina kosa.

Ya sita ni ya Ndahani. Afisa mifugo mstaafu, Mgogo wa Dodoma aliyehamishiwa Igunga kikazi na hajarudi kwao. Anaishi Choma. Anaandika vizuri, maneno machache. Safari hii anaeleza namna ya kujua uzito wa ng'ombe bila mizani, kwa futikamba ya fundi cherehani. Unazungusha futikamba kifuani, nyuma ya miguu ya mbele: hiyo ni K. Unapima urefu kutoka begani hadi mfupa wa tako: hiyo ni U. Sentimita zote mbili. Kisha unaingia kwenye kanuni, unapata kilo. Kanuni amenitumia kwa picha, imeandikwa kwa mkono. K yenye mbili ndogo juu yake, mara U, mstari, na chini ya mstari 10840. Mwandiko safi wa shule za zamani.

Jambo lenyewe si dogo. Mnadani madalali hupima ng'ombe kwa macho, na macho yao hayajawahi kumpendelea muuzaji. Mama Kabula, mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji cha Choma, ameitisha mkutano Alhamisi ya wiki ijayo. Swali moja tu: je, kuanzia sasa mwanakikundi asiuze ng'ombe ambaye hajapimwa kwa futikamba? Ndahani amelipigania hilo tangu astaafu. Ameniambia wazi kwamba wakikataa safari hii, anaacha. Hana nguvu ya kuanza upya kijiji kingine.

Wanakikundi wataitumia makala yetu kujifunza. Kwa hiyo kanuni lazima ikae sawasawa.

Zaituni, fundi wetu wa tovuti, ndiye aliyeipanga. Anaandika maagizo kwa lugha ya kompyuta, mabano na mikwaju, vile vistari vilivyoinama, halafu ukurasa unachora wenyewe: kipeo kinapanda juu, mstari wa sehemu unanyooka, asili inakaa chini. Kwenye kompyuta ya ofisini ilipendeza kama kitabu cha shule. Nimeipitisha.

Jumanne, 15 Julai

Makala imetoka asubuhi. Wasomaji wengi kuliko kawaida ya Jumanne.

Mchana Mama Kabula akapiga simu. Salamu zote, za nyumbani, za kazi, za ng'ombe. Kisha akaniuliza kwa sauti ya msibani, akiniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, ng'ombe wa kilo tatu nukta sita, huko mjini mnampika kwa sufuria gani?"

Nilidhani ni utani. Ulikuwa utani, lakini wenye hesabu. Alimpima dume lake kubwa. Kifua 150, urefu 130. Akabonyeza kikokotoo mara kadhaa. Kilo tatu nukta sita. Jogoo wake anamzidi, amesema, na jogoo mwenyewe ameugua wiki nzima.

Nyuma yake nilisikia watu wanacheka. Wengi.

Nikapiga hesabu mwenyewe. Dume lile lina kilo 270 kasoro kidogo. Kabula alizidisha kifua kwa mbili badala ya kukizidisha kwa kifua. Si kosa lake. Mahali fulani njiani ile mbili ndogo imeshuka kutoka juu ya K.

Nimecheka peke yangu ofisini. Kisha nikakumbuka Alhamisi, nikaacha.

Jumatano, 16 Julai

Chanzo kimepatikana.

Choma watu hawafungui tovuti yetu mmoja mmoja. Mwenye bando anafungua, ananakili maneno, anabandika kwenye grupu la kikundi. Wengine wanasoma huko. Na mchoro wa kanuni haunakiliki. Kinachotoka ni herufi zilizovuliwa nguo. Mbili ndogo inashuka na kukaa ubavuni mwa K kama namba yoyote. Mstari wa sehemu unageuka mkwaju. K2 × U / 10840. Mtu yeyote aliyekaa darasani ataisoma K mara mbili. Kabula alisoma vizuri. Sisi ndio tulioandika vibaya.

Waliofungua ukurasa wenyewe nao hawakusalimika. Simu nyingi zimewekwa zibane bando, na zinapobana zinakata kila kitu kisicho maneno, pamoja na ile mashine ya kuchora. Hao waliona maagizo mabichi, mabano na mikwaju mitupu. Msomaji mmoja wa Nzega ametuandikia kuuliza kama tumedukuliwa au tumerogwa.

Mimi niliikagua kwenye kompyuta ya ofisini tu. Msomaji wangu hana kompyuta ya ofisini. Hilo ndilo kosa, na ni langu.

Jioni Ndahani alipiga. Hakupaza sauti. Madalali wameshaipata habari. Mmoja wao, wanamwita Jicho kwa sababu hujisifu kwamba jicho lake halijawahi kukosea, ametuma ujumbe wa sauti kwenye magrupu yote kati ya Igunga na Nzega: anayekuja kununua ng'ombe wa Mgogo asije na lori, aje na kikapu.

Nikamwambia Ndahani kwamba kesho nitachapisha masahihisho. Kosa ni la gazeti, si la mwandishi. Nilitegemea ashukuru. Akakataa.

"Mama Nyamizi, usinisafishe. Ukinisafisha umenifukuza."

Akanieleza. Wasukuma na Wanyamwezi ni watani wake. Hivi sasa yeye ni mshtakiwa. Mtani akishtakiwa lazima aitwe mbele ya watu, asemwe, ajibu, atozwe faini. Maana yake amepata kusimama katikati ya mkutano, na kila mtu atakuja kumwona. Gazeti likisema hana hatia, kesi imekufa. Watabaki kumkumbuka ng'ombe wa kilo tatu basi.

Hoja nzuri. Mimi ni Mnyamwezi, sihitaji kufundishwa utani na Mgogo. Lakini kosa la gazeti hutajwa na gazeti. Nimefanya hivyo miaka yangu yote ya kazi na sitaacha kwa ajili ya dume mmoja wa Choma. Nikamwambia hivyo.

Akakata simu bila kuaga.

Alhamisi, 17 Julai

Masahihisho yametoka. Sentensi mbili. Kanuni ilionekana vibaya kwenye simu. Kosa ni la chumba cha habari.

Kanuni yenyewe imetusumbua mchana kutwa. Kwanza tumeondoa mchoro, tukaweka picha. Zaituni hakuitaka picha. Inakula bando, ukiikuza inakuwa ukungu, na asiyeona vizuri anayesomewa na simu yake hasikii kitu. Nikasema tujaribu. Tukaenda kwa mama lishe wa jirani, tukamwomba afungue makala kwenye simu yake. Amezima picha zote kuokoa bando. Mahali pa kanuni aliona kisanduku cheupe. Akatuuliza kama hicho kisanduku ndicho ng'ombe.

Picha tukaiondoa.

Kisha Zaituni akaiandika kwa mstari mmoja wa maneno ya kawaida. Hakuna kipeo, hakuna mstari wa sehemu, hakuna cha kuchora: (K × K × U) ÷ 10 840. Ameacha nafasi ndogo katikati ya namba ili isomeke. Mkato hakuutaka kwa sababu wapo wanaousoma kama nukta. Sababu ya maana. Tumeinakili, tumeibandika, imebaki nzima. Nimeisoma kwenye simu yangu. Safi.

Nimeenda nyumbani mapema.

Ijumaa, 18 Julai

Ndahani hapokei simu. Kabula hajapiga. Kimya cha Choma sikipendi.

Jumamosi, 19 Julai

Kabula amepiga. Nilijua kuna jambo kwa namna alivyovuta pumzi kabla ya salamu.

Ng'ombe amepona, anasema. Amekula akashiba. Sasa ana kilo laki mbili tisini na mbili elfu na mia tano. "Nilitaka kuuliza tu, mayu, wewe uko karibu na stesheni. Treni ya Kigoma haijapotea? Maana ninayo moja hapa inakula mabua."

Simu yangu ina kioo kipana. Simu za Choma zina vyembamba. Mstari ulipofika ukingoni ulikatika pale pale kwenye ile nafasi ndogo tuliyoiacha kwa hisani. Kumi ikabaki juu. Mia nane arobaini ikaangukia mstari wa chini, peke yake, kama yatima. Watu wakagawanya kwa kumi.

Zaituni aliposikia alilaza kichwa mezani. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, akashindwa kuacha, na mimi nikashindwa kumwonya kwa sababu nilikuwa nafanya vilevile. Kutoka jogoo hadi treni kwa wiki moja. Hakuna daktari wa mifugo aliyewahi kunenepesha namna hiyo.

Baada ya hapo nikafanya kazi. Makala inataja dawa ya minyoo, na dawa hutolewa kwa uzito. Nimepiga simu kwa kila ninayemfahamu Choma na kwa muuza dawa za mifugo wa pale. Hakuna aliyetumia namba zetu kupima dawa. Zilikuwa mbovu kiasi kwamba hakuna aliyeziamini. Kama tungekosea kwa kilo hamsini tu, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Kuhusu masahihisho yetu, Kabula amejibu kwa kifupi: "Tumesoma. Tumekataa." Hawana haja ya kulihukumu gazeti wakati Mgogo yupo. Mashtaka sasa ni mawili: kumfanya ng'ombe kuwa kuku, na kumfanya ng'ombe kuwa treni. Kesi itasikilizwa Alhamisi, kabla ya kura.

Kwa hiyo nimesema ukweli na Ndahani amebaki mshtakiwa. Kila mmoja amepata alichotaka. Bado hapokei simu yangu.

Lakini kuna la zaidi. Jicho ameomba nafasi ya kuzungumza mkutanoni, naye haji kutania. Anasema kipimo kinachotoa kilo tatu Jumanne na treni Jumamosi si kipimo. Hoja hiyo ina nguvu. Ningekuwa mfugaji ningeisikiliza.

Jumatatu, 21 Julai

Leo nimeuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza wiki iliyopita. Nikampigia Kabula: mkiwa zizini, nani anasoma na nani anapima?

Mmoja anashika simu na kusoma kwa sauti. Wawili wanashika futikamba. Mwingine kikokotoo. Waliobaki wanashika ng'ombe.

Kumbe kanuni haitazamwi. Inasikilizwa. Na mimi nilianzia redioni, nilipaswa kujua. Hakuna mtu anayeweza kuusikia mstari wa sehemu. Hakuna anayesikia kwamba namba moja imekaa juu ya bega la nyingine.

Nikafuta kila kitu. Nikaandika kama ninavyomwandikia mtangazaji, jambo moja kwa sentensi moja:

Pima kifua. Mfano, 150.
Pima urefu. Mfano, 130.
Zidisha kifua kwa kifua. 150 kwa 150 ni 22500.
Jibu hilo zidisha kwa urefu. 22500 kwa 130 ni 2925000.
Jibu hilo gawanya kwa 10840. Utapata 270 kasoro kidogo. Hizo ni kilo.
Kwa ng'ombe mkubwa, ukipata chini ya mia moja au zaidi ya elfu moja, umekosea. Rudia.

Namba zote zimeshikana. Hakuna nafasi, hakuna mkato, hakuna pa kukatikia. Kila hatua ina jibu lake, ili anayepotea ajue amepotelea wapi. Mchoro wa kanuni tumeuweka mwisho kabisa kwa walimu na wanafunzi, na nyuma ya mchoro Zaituni ameficha maneno yanayousoma, ili simu isiyochora iseme badala yake.

Sentensi ya mwisho nimeiongeza mimi. Zaituni anaiita sentensi ya treni.

Kisha majaribio. Zaituni aliituma kwa mama lishe, mama lishe kwa dada yake Nzega, dada kwa bodaboda, bodaboda kwa binamu yake, na binamu akaturudishia. Imerudi nzima, hatua zote, namba zote. Imerudi pia na tangazo la kicheni pati tusiyoijua. Tumeambiwa sare ni kijani.

Jumanne, 22 Julai

Nimeamua kwenda. Sijaagizwa na mtu. Kosa likisomewa mashtaka, aliyelitenda anapaswa awe karibu, hata kama hakushtakiwa.

Nimemwachia Zaituni ofisi. Ameniomba nisilete treni nyumbani.

Jumatano, 23 Julai

Basi hadi Nzega, jingine hadi Igunga, bodaboda hadi Choma. Vumbi hadi kwenye meno. Mengine hayana la kuandika.

Nimefikia kwa Mama Kabula. Mwanamke mrefu, sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mbuga. Nyumbani kwake nikamkuta Ndahani, amekaa kwa mshtaki wake, anakula ugali wa mshtaki wake. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda.

"Treni yangu umekuja nayo?"

Basi. Ndivyo tulivyopatana.

Baada ya chakula nikamsomea hatua mpya. Akasikiliza amefumba macho. Mwisho akauliza mahali ilipo kanuni. Nikamwambia ndiyo hiyo. Akafikiri. Akasema haipendezi. Nikakubali kwamba haipendezi. Akasema itafaa.

Anaihofia kesho. Hakusema. Lakini futikamba yake aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

Alhamisi, 24 Julai

Mkutano ulifanyika nje ya ghala la pamba. Msimu wa ununuzi, mizani ya pamba inaning'inia kwenye boriti, magunia yamepangwa, watu wamekaa juu ya magunia. Wanawake wengi kuliko nilivyotarajia. Jicho alikuwa mbele, shati limepigwa pasi.

Kabula alisoma mashtaka bila kutabasamu. Watu walishindwa kuvumilia kabla hajafika kwenye treni. Mzee mmoja akasimama kuongeza shtaka la tatu, la kale: babu zake mshtakiwa waliwatoza babu zetu hongo, ule ushuru wa kupita, kwa kila kisima, misafara ilipopita Ugogo na mizigo ya watu mabegani. Leo mjukuu anapunguza ng'ombe wetu. Tabia ya ukoo.

Ndahani akasimama. "Babu zenu walikunywa, wakanawa, wakaoga, wakaondoka bila kuaga. Mimi nimekuja kudai. Nikaona ng'ombe mmoja hatoshi, nikachukua treni."

Kelele. Mwanamke mmoja alianguka kutoka juu ya gunia.

Kisha Jicho. Anaongea vizuri, lazima niseme. Hakucheka. Wiki moja, alisema, kipimo hiki kimetoa majibu mawili kwa ng'ombe mmoja, na yote mawili ya kipuuzi. Jicho lake linaweza kukosea kidogo, lakini halijawahi kumwona ng'ombe likasema kuku. Kwa nini mwanakikundi afungwe na kitu ambacho hata gazeti lililokitangaza limekikana? Niliona vichwa vikiitikia. Nikaona Ndahani anatazama chini.

Jicho angeishia hapo angeshinda. Akaongeza. Akasema haoni aibu gani inayozidi kufundishwa mifugo na watu wa nchi ya njaa.

Maneno hayo hayo, au mabaya zaidi, yalikuwa yamesemwa na watu wote asubuhi nzima. Lakini hewa ilibadilika. Kabula akamuuliza taratibu: "Baba, wewe ni mtani wake?"

Jicho akasema hapana. Kwao ni kwingine.

"Basi hilo ulilosema ni tusi. Sisi tunamsema kwa sababu ni wetu. Wewe unamsema kama nani?"

Kabula akamwambia afute neno moja, hoja ibaki, kwa sababu hoja ni nzuri na itajibiwa. Ule ni uenyekiti. Nimehudhuria vikao vikubwa zaidi vyenye wenyeviti wadogo zaidi.

Akaniita mimi. Nikasema kanuni haijabadilika hata siku moja. Kilichobadilika ni namna tulivyoionyesha kwenye simu, mara mbili, na mara zote mbili tulikosea sisi. Hakuna aliyepiga makofi. Nikakaa.

Hukumu: faini, nayo ni kukithibitisha kipimo hapo hapo, futikamba kwanza, mizani ya pamba baadaye. Na hapa Kabula alinishangaza. Aliyetarajiwa kupima alikuwa mshtakiwa mwenyewe. Kabula akamkataza kugusa futikamba. Mshtakiwa hajitolei ushahidi, alisema. Akaletwa ndama. Ng'ombe mkubwa angeangusha boriti. Jicho akaombwa aseme kwanza, kwa jicho. Akamzunguka. Kilo hamsini.

Wanawake wawili wakapima. Kabula akavaa miwani, akasoma hatua zetu kutoka kwenye simu yake, kioo chembamba kilichopasuka pembeni. Ndahani amesimama mikono nyuma. Mimi nimekaa juu ya gunia. Nimesikia kazi yangu ikisomwa kwa sauti mara nyingi maishani. Sijawahi kuisikiliza kama leo.

Kifua 96. Urefu 82. Kifua kwa kifua, 9216. Kwa urefu, 755712. Mwenye kikokotoo alikosea hapo, akajua, akarudia. Gawanya kwa 10840.

Sabini kasoro kidogo.

Wakamfunga ndama kwa magunia chini ya tumbo, wakamning'iniza kwenye mizani ya pamba. Ndama alikojoa. Karani wa pamba aliruka. Mshale ukayumba, ukayumba, ukatulia. Sitini na saba.

Kisha wote wakasema kwa pamoja. Futikamba imekosea kwa kilo zisizofika tatu. Jicho limekosea kwa kumi na saba, na limekosea kuelekea upande wa mnunuzi. Jicho akaomba apimwe tena. Haki yake. Akapimwa tena. Sitini na saba.

Kura ya mikono. Imepita. Waliokataa ni wachache. Mzee wa shtaka la hongo ni mmoja wao, anasema ng'ombe si suruali. Ndahani amehesabiwa kuwa amelipa faini, akaongezewa jogoo mmoja, na jogoo lazima apimwe.

Alipokuja kuniaga macho yalikuwa mekundu. Akasema ni vumbi la pamba. Nimeandika: vumbi la pamba.

Ijumaa, 25 Julai

Nimerudi. Mgongo unauma. Zaituni ametaka kila neno, nimempa, amenirudisha nyuma mara mbili kwenye treni.

Tumeweka utaratibu. Kanuni yoyote itapita kwenye simu ya mama lishe, itanakiliwa, itasomwa kwa sauti kwa mtu asiyeiona. Akipata jibu, inatoka. Asipopata, haitoki. Mama lishe amekubali, kwa sharti kwamba tuwe tunakula pale.

Mwalimu mmoja wa sekondari ametuandikia kulalamika kwamba hatua zetu ni za watoto. Nimemjibu kwa adabu kwamba mchoro upo mwisho wa ukurasa.

Jumapili, 27 Julai

Kanisani asubuhi. Mchana nimelala, jambo nisilolizoea.

Jana ilikuwa siku ya mnada Choma. Sikupiga simu. Jioni hii umekuja ujumbe wa Kabula: dume lake lilipimwa getini, dalali akataka kupima mwenyewe, akapima, akapata namba ileile. Wakaendelea na mengine.

Baadaye kidogo ujumbe wa Ndahani. Yeye haandiki marefu. Anasema alikaa mnadani tangu asubuhi hadi watu wanatawanyika, futikamba shingoni, kwenye kivuli cha ukuta. Wanawake walikuwa wanasomeana kwenye simu na kupima. Walimpitia, wakamsalimia, wakamtania, wakaendelea na ng'ombe wao.

"Jana hakuna aliyeniita," ameandika.

Nadhani anafurahi. Kwa Mgogo huyu si rahisi kujua. Nimemjibu: vizuri.